Swali la Dada Yangu: Vitabu Hivi Vilifikaje Hapa?

Siku ya kwanza nilipoingia Maktaba ya Uingereza, iliyoko St Pancras mjini London, nilikuwa na orodha ya vitu kumi na viwili nilivyotaka kuviona, na nilivimaliza vyote kwa muda usiofika saa mbili. Nilisimama mbele ya kila kabati la kioo, nikasoma maelezo yaliyobandikwa pembeni, nikatia alama kwenye orodha yangu, kisha nikaenda kwenye kabati linalofuata. Jioni yake nilimpigia simu dada yangu ili nimsimulie niliyoyaona, nikajikuta sina la kusimulia zaidi ya majina na tarehe, mambo ambayo hata yeye angeweza kuyapata katika kitabu chochote cha historia. Alinisikiliza kwa subira, kisha akauliza swali moja: "Sasa hivyo vitabu vilifikaje hapo?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimeirudia maktaba hiyo mara nyingi kila nilipopata nafasi, na kila mara nimelibeba swali la dada badala ya orodha.

Ukubwa wa mahali penyewe unaweza kumpotosha mgeni. Maktaba ya Uingereza ilianzishwa rasmi mwaka 1973 kwa kuunganisha makusanyo yaliyokuwa chini ya taasisi mbalimbali, likiwemo lile kubwa la British Museum, na jengo lake la sasa la matofali mekundu lilianza kupokea wasomaji mwaka 1997. Makusanyo yake yamepita vitu milioni 170, na yanaongezeka kila siku kwa sababu sheria inawataka wachapishaji wa nchi ile wapeleke nakala ya kila wanachokichapisha. Sehemu kubwa ya mali hiyo haionekani, kwani iko katika ghala za chini ya ardhi au katika majengo mengine yaliyoko Yorkshire. Kinachoonekana mara moja ni mnara wa vioo uliojengwa katikati ya ukumbi, wenye vitabu vya Mfalme George wa Tatu vilivyopanda ghorofa hadi ghorofa, migongo yao ya ngozi ikiwa imegeuzwa nje. Nimeona watu wengi wakipiga picha mbele ya mnara huo kisha wakaondoka, na siwalaumu, kwa maana nami nusura nifanye hivyo hivyo.

Chumba kinachohifadhi vitu mashuhuri kina mwanga hafifu kwa makusudi, kwa kuwa mwanga hufifisha wino na rangi polepole, na uharibifu wake haurudishwi. Macho huchukua dakika kadhaa kuzoea. Nimekuja kuzipenda dakika hizo, kwa sababu zinamlazimisha mtu asimame kabla ya kutazama.

Kitu cha kwanza nilichokirudia nikiwa na swali la dada ni gombo la karatasi liitwalo Sutra ya Almasi, andiko takatifu la dini ya Buddha, ambalo ndicho kitabu cha kuchapwa kikongwe kuliko vyote vilivyosalia duniani vyenye tarehe kamili. Gombo hilo lina urefu wa takriban meta 5, nalo limeungwa kwa vipande saba vya karatasi. Kila kipande kilichapwa kwa kibao cha mbao kilichochongwa maandishi kinyume, kikapakwa wino, kisha karatasi ikalazwa juu yake na kusuguliwa. Mwanzoni kabisa pana picha ya Buddha akiwa ameketi kati ya wafuasi wake, na mbele yake amepiga magoti mwanafunzi mzee aitwaye Subhuti, ambaye maswali yake ndiyo yanayoliendesha andiko lote. Mistari ya picha hiyo ni myembamba na yenye uhakika mno, na mtu akiitazama vizuri anatambua kwamba waliochonga walikuwa mafundi wa kazi iliyokwisha kukomaa.

Hata hivyo, kilichonishika zaidi ni mstari wa mwisho, upande wa kushoto kabisa, mahali ambapo msomaji wa Kichina humalizia. Hapo imeandikwa kwamba Wang Jie amelitengeneza andiko hili kwa heshima kwa niaba ya wazazi wake wawili, ligawiwe bure kwa watu wote, na tarehe inayofuata inalingana na 11 Mei 868. Siku ya kwanza nilikuwa nimeitazama tarehe peke yake, nikaona ushahidi wa teknolojia iliyotangulia uchapaji wa Gutenberg kwa karibu miaka 600. Nilipoyasoma maneno yanayoizunguka tarehe hiyo, nilimwona mtoto anayewatendea wazazi wake jambo jema, na ambaye hakukusudia kabisa kutengeneza kitu cha kuwekwa chini ya kioo, kwa kuwa alitaka kigawiwe mikononi mwa watu. Tangu hapo nimejenga desturi ya kuanza na ukurasa wa mwisho wa kila andiko la zamani, kwa sababu mara nyingi huko kwenye tamati ndiko mwandishi au mnakili anakojitaja, anakotaja aliyemwagiza kazi, na anakoomba dua.

Na gombo hilo lilifikaje London? Lilikuwa limewekwa katika chumba kidogo ndani ya mapango ya Mogao, karibu na Dunhuang, kaskazini-magharibi mwa China, pamoja na maelfu ya maandiko mengine. Mwanzoni mwa karne ya 11 mlango wa chumba hicho ulizibwa, na hewa kavu ya jangwa ikayatunza yaliyomo kwa karibu miaka 900. Mwaka 1900 mtawa wa dini ya Tao aitwaye Wang Yuanlu, aliyekuwa amejitwika kazi ya kuyaangalia mapango hayo, aliugundua mlango ule, na mwaka 1907 mvumbuzi Aurel Stein alimlipa kiasi kidogo cha fedha, akaondoka na maelfu ya maandiko. Wachina wengi huuona ununuzi ule kuwa uporaji. Mimi naamini kwamba kila anayesimama mbele ya gombo hilo ana wajibu wa kuijua habari hiyo kabla ya kuustaajabia uzuri wake, kwa kuwa safari ya kitabu ni sehemu ya kitabu chenyewe.

Kuna jambo jingine katika safari yake ambalo lilinifundisha sana. Katika karne ya 20 watu waliokuwa na nia njema walibandika karatasi za kuimarishia nyuma ya gombo, na karatasi hizo, kwa kuvutana na ile ya asili, zikaanza kulikunja na kulipasua. Mafundi wa hifadhi walitumia kipindi cha miaka saba na zaidi ya saa 1,000 za kazi kuziondoa kidogo kidogo kwa maji na vifaa vidogo vya mkono. Kabla ya kusoma habari hiyo nilidhani kwamba maadui wa kitabu ni moto, maji, panya na mchwa. Sikuwa nimefikiria kwamba gundi ya mtu anayekipenda kitabu inaweza kukidhuru vilevile.

Mfano mchungu zaidi wa jambo hilo uko katika jengo hilo hilo. Hati ya Magna Carta ya mwaka 1215, iliyoyawekea mipaka mamlaka ya mfalme wa Uingereza, na ambayo Mfalme John alilazimika kuikubali mbele ya makabaila wake, imesalia katika nakala nne za asili, na mbili kati ya hizo ziko katika maktaba hii. Moja inasomeka. Nyingine ni kipande cha ngozi kilichokunjamana, chenye rangi ya hudhurungi, na chini yake limening'inia bonge la nta lisilo na umbo, ambalo zamani lilikuwa lakiri ya mfalme. Watu wengi huipita haraka na kwenda kwenye ile inayosomeka. Mimi siku hizi husimama mbele ya ile iliyoharibika.

Hati hiyo ilikuwa mali ya Sir Robert Cotton, aliyeishi kati ya 1571 na 1631 na kukusanya maandiko ya kale kwa bidii isiyo ya kawaida. Kabati zake zilikuwa na sanamu za vichwa vya watawala wa Roma juu yake, na kila andiko lilitambulishwa kwa jina la mtawala, herufi ya rafu na namba ya nafasi. Kabati zenyewe hazipo tena, lakini mpaka leo msomaji akitaka kuomba Injili za Lindisfarne huandika "Cotton Nero D IV", kana kwamba Nero bado yuko juu ya rafu akitazama chini. Tarehe 23 Oktoba 1731 moto ulizuka katika Ashburnham House, jumba la Westminster ambamo makusanyo hayo yalikuwa yamewekwa, na watu walivunja makabati na kutupa vitabu madirishani ili kuviokoa. Magna Carta iliunguzwa, lakini maandishi yake yaliendelea kuonekana kwa kiasi kikubwa. Kilichoyafuta kilikuja miaka mia moja baadaye, katika miaka ya 1830, pale ilipofanyiwa matengenezo yaliyokusudiwa kuinyoosha na kuisafisha. Kwa bahati njema, mchongaji John Pine alikuwa ameinakili hati hiyo mwaka 1733 na kuichapisha, hivyo tunajua ilivyokuwa baada ya moto, na mwaka 2014 wataalamu walitumia upigaji picha wa mianga tofauti wakafanikiwa kuona tena maneno ambayo jicho halikuweza kuyaona.

Moto ule ule uliunguza kingo za andiko la Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale wenye mistari 3,182, uliosalia katika nakala moja tu duniani kote, iliyoandikwa yapata mwaka 1000. Kurasa hazikuungua zote, ila pambizo zake ziligeuka kama jani kavu, na kila mtu alipofungua kitabu, chembe na herufi zilidondoka. Mwaka 1787 mwanazuoni kutoka Iceland, Grímur Thorkelin, alipata nakala mbili: moja aliiandika mwenyewe, na nyingine iliandikwa na mnakili aliyeajiriwa, ambaye hakuijua lugha ya utenzi huo. Mnakili huyo alichora kila herufi kama alivyoiona. Kwa kuwa hakuelewa maana, hakupata kishawishi cha kusahihisha, na kwa sababu hiyo kazi yake inaaminika sana mahali ambapo kingo zimekwisha kuanguka. Nakala hizo mbili zimehifadhi karibu herufi 2,000 zilizopotea kwenye ngozi yenyewe kabla kurasa hazijatiwa katika fremu za karatasi mwaka 1845. Nimefundishwa tangu utotoni kwamba kunakili bila kuelewa ni uvivu, na bado naamini hivyo darasani. Lakini nimelazimika kukiri kwamba uaminifu wa mkono nao ni aina ya elimu, na kwamba utenzi mzima unamdai shukrani mtu aliyekuwa akitazama tu kwa makini.

Injili za Lindisfarne, zilizokuwa katika kabati la Nero, ziliuepuka moto huo. Ziliandikwa na kupambwa yapata mwaka 700, na uzuri wa kurasa zake umesifiwa na wengi, hivyo sitaongeza sifa. Nitasema tu kuhusu maandishi madogo yaliyo kati ya mistari. Zaidi ya miaka 200 baada ya kitabu kukamilika, kasisi aitwaye Aldred alikaa na kitabu hicho kitukufu akaandika juu ya kila neno la Kilatini maana yake kwa Kiingereza cha wakati wake, na hiyo ndiyo tafsiri ya kale kuliko zote zilizosalia za Injili kwa lugha hiyo. Mwishoni akataja majina: Eadfrith aliyeandika, Ethelwald aliyejalidi, Billfrith aliyepamba jalada kwa vito, na yeye mwenyewe aliyetafsiri. Mara ya kwanza niliona kwamba amechafua kurasa. Sasa naona mtu aliyetaka wenzake waelewe wanachokisoma, na ambaye bila tamati yake tusingalijua mikono ile mitatu iliyomtangulia.

Makabati mengine nitayapita, isipokuwa niseme neno moja kuhusu Codex Sinaiticus, Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4, ambayo kurasa zake zimegawanyika kati ya London, Leipzig, St Petersburg na monasteri ya Mtakatifu Katarina huko Sinai. Ndani yake kuna masahihisho zaidi ya 20,000 yaliyofanywa na mikono mbalimbali kwa karne kadhaa. Mwaka 2009 picha za kurasa zote zilikusanywa mahali pamoja kwenye intaneti, na kitabu kilichotawanyika katika sehemu nne kikaweza kusomwa tena kwa mfululizo. Nilifurahi sana kwa hilo, mpaka Oktoba 2023, pale shambulio la kimtandao lilipoizimia Maktaba ya Uingereza mifumo yake, na katalogi pamoja na picha za maandiko mengi zikawa hazifunguki kwa miezi. Vitabu vyenyewe vilibaki salama ghalani. Nakala ya kidijiti nayo inahitaji mlinzi, sawasawa na ngozi na karatasi.

Baada ya ziara kadhaa nilipata ujasiri wa kuomba kadi ya msomaji, kwa sababu nilitaka kukiona kitu kisichowekwa mara kwa mara kwenye makabati ya maonyesho. Kadi haihitaji cheo kikubwa. Inahitaji utambulisho, anwani na nia ya kusoma. Mikoba na makoti huachwa chini, kalamu za wino haziruhusiwi, na msomaji hupanda akiwa na penseli na daftari ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha kilichomo. Nilitegemea kupewa glavu nyeupe kama za kwenye filamu, nikaelezwa kwamba kwa maandiko mengi mikono safi na mikavu ni bora zaidi, kwa kuwa glavu hupunguza hisia za vidole na kumfanya mtu apasue ukurasa bila kujua. Kitabu hulazwa juu ya kabari za sponji ili mgongo wake usilazimishwe kufunguka, na kurasa hushikiliwa kwa kamba nzito laini. Nilijifunza kuketi wima na kupumua taratibu.

Nilichokiomba katika chumba cha kusomea cha Asia na Afrika, ghorofa ya tatu, kina namba Or. 2666. Ni historia ya Kilwa kwa Kiarabu, ijulikanayo kama Kitab al-Sulwa, nakala iliyoandikwa mwaka 1877, ambayo Sultani Barghash wa Zanzibar alimpa Sir John Kirk, mwakilishi wa Uingereza huko, na Kirk akaikabidhi British Museum. Mwaka 1895 matini yake ilichapishwa na S. Arthur Strong, kwa hiyo maneno yenyewe nilikwisha kuyasoma kwa tafsiri. Nilichotaka ni kuuona mkono ulioyabeba.

Mtunzi wake wa awali alizaliwa mwishoni mwa karne ya 15, kwa hiyo alikuwa bado mtoto mdogo wakati Wareno walipoivamia Kilwa mwaka 1505. Anaeleza jinsi Ali bin al-Hasan alivyofika kutoka Shiraz na kukinunua kisiwa kutoka kwa mfalme wa bara kwa nguo za rangi zilizotosha kukizunguka. Watu wa bara walikuwa wakivuka kwa miguu maji yanapokupwa. Basi yule mgeni akachimba mkondo, bahari ikaujaza. Baada ya siku chache mfalme alirudi akitaka kukitwaa tena kisiwa, akasimama mahali pa kivuko akisubiri maji yapwe kama kawaida, na maji hayakupwa. Akarudi kwake kwa majuto. Wanahistoria na wanaakiolojia wamebishana sana juu ya simulizi hii ya asili ya Kishirazi, na wengi wao hawaichukui kama ilivyo, kwa kuwa ardhi ya Kilwa inaonyesha mji uliokua kutoka kwa wenyeji wa pwani wenyewe. Lakini yule mfalme aliyesimama ufukweni akisubiri maji nimeshindwa kumsahau, na nadhani mtunzi pia alimhurumia, maana angeweza kumtaja kwa sentensi moja na kumwacha.

Wareno nao walizipata habari za wafalme wa Kilwa, kwani João de Barros aliziweka katika historia aliyoichapisha mwaka 1552. Matoleo hayo mawili hayafanani katika kila jina, na kuyalinganisha kumewachosha wataalamu. Bila nakala ya 1877 tungekuwa na masimulizi ya Mreno peke yake kuhusu yaliyokuwemo katika kumbukumbu za mji ule. Uzito wa karatasi ile niliuhisi hapo, nikiwa nimeigusa kwa ncha za vidole.

Kisha nikafuata desturi yangu, nikaenda mwisho. Katika utangulizi mtunzi anaahidi sura kumi na kuzitaja moja baada ya nyingine. Nakala inaishia sura ya saba. Nilirudi kwenye utangulizi, nikahesabu tena sura zilizoahidiwa, kisha nikakaa muda mrefu nikiwa sijaandika lolote. Hakuna moto niliouona kwenye kurasa hizo, wala gundi ya mtu mwenye nia njema. Kuna mahali tu ambapo masimulizi yanakoma, na mnakili wa 1877 amenakili alichokuwa nacho.

Nilichukua penseli nikanakili orodha ya sura zote kumi kwa herufi za Kiarabu, polepole, nikijaribu kuchora kila nukta mahali pake hata pale nilipokuwa na shaka na neno. Chini ya orodha nikaandika tarehe, namba Or. 2666, na jina langu, kisha nikaongeza kwamba nimeinakili kwa ajili ya dada yangu. Nilikirudisha kitabu kaunta dakika kumi kabla ya chumba kufungwa, na mhudumu akahesabu karatasi zake mbele yangu kabla ya kukipokea.